Mwisho wa Muvi ya Kutisha Umegoma: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

"Muvi kali, ila mwisho wamechemka." Kaa nje ya kibanda umiza chochote cha Mwanga au Ujiji, mjini Kigoma, watu wanapotoka, utayasikia maneno haya, iwe iliyoonyeshwa ni ya Marekani, ya Korea au ya hapa hapa nyumbani. Mwongozo huu ni wa wanaoandika, kuongoza na kuhariri muvi na tamthilia za kutisha Kigoma na Tabora, kwa bajeti zinazopatikana huku. Umepangwa kwa dalili. Tafuta inayofanana na ya kwako, anza na chanzo cha kwanza, na usiende kwenye matengenezo makubwa kabla ya kumaliza yale madogo.

Muvi ya kutisha ina tatizo ambalo muvi ya mapenzi haina. Kwa saa nzima mtazamaji anaogopa kwa sababu hajui: hajui kilichoko nyuma ya mlango, hajui kinataka nini. Mwisho unamdai mwandishi jibu. Akijibu, jibu linakuwa dogo kuliko ile hofu. Asipojibu, mtazamaji anajiona katapeliwa. Njia ya kutoka hapo ni mtazamaji awe amekwisha kuijua sheria ya adui mapema, halafu mwisho uitumie sheria hiyo. Kwa hiyo dalili huonekana dakika ya 85, ila kosa lenyewe mara nyingi liko kabla ya dakika ya 30. Anayerudia kupiga sini ya mwisho bila kurudi nyuma atapata mwisho mwingine mbovu, tena kwa gharama ya mara mbili.

Tutatumia muvi moja ya mfano. Wavuvi wanne wa dagaa wanatoka Kibirizi usiku wa giza. Katikati ya ziwa taa inazimika yenyewe, na kutoka majini sauti ya ndugu aliyekwisha kufa inaita jina la mmoja wao. Anayeitika harudi. Steringi ni Tatu, binti anayeanika dagaa ufukweni, ambaye kaka yake amechukuliwa.

Ukaguzi wa awali

Haugharimu kitu na unamaliza nusu ya kesi.

1. Andika sheria ya adui kwa sentensi moja yenye vipande vitatu: anakujaje, anafanya nini, nini kinamzuia. "Taa inazimika, sauti inaita jina, asiyeitika anapona." Ukishindwa kuiandika, usiguse kitu kingine mpaka uweze.

2. Tafuta ukurasa wa kwanza ambapo kile kinachomzuia kimeonekana kwa macho. Kutajwa tu na mhusika hakutoshi. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya muvi. Ikiwa skripti ina kurasa 90 na kitu hicho kinatokea kwa mara ya kwanza ukurasa wa 70, umeshapata ugonjwa.

3. Angalia dakika 15 za mwisho ukiwa umezima sauti. Kisha geuza kiti uipe skrini mgongo, usikilize sauti peke yake. Picha bila sauti ieleweke nani anafanya nini. Sauti bila picha itishe. Kinachoshindwa kati ya hivyo viwili ndicho cha kushughulikia kwanza, na mara nyingi ni sauti.

Dalili ya 1: Adui akitokea, ukumbi unacheka

Chanzo kinachoongoza ni kumwacha mbele ya kamera muda mrefu mno. Hesabu sekunde anazoonekana mwili mzima kwa mkupuo mmoja. Zikizidi tatu, kata nusu, angalia tena. Cha pili ni mwanga: amemulikwa uso mzima kama mwanakwaya kwenye video ya injili, mpaka mshono wa wigi unaonekana. Zima taa ya mbele, acha ya nyuma au ya pembeni tu. Cha tatu ni muziki unaomtangaza kabla hajafika. Jaribu kuondoa muziki wote sekunde kumi kabla ya kutokea kwake, ubakize mawimbi yakipiga ubavu wa mtumbwi. Mwisho kabisa, na si mara nyingi kama watu wanavyodhani, ni vipodozi vyenyewe: poda nyeupe, meno ya plastiki, kucha za kubandika.

Mwaka 1974, Steven Spielberg alipokuwa akipiga Jaws, papa wa mashine aliharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi. Ikabidi muvi iendeshwe na maji, mapipa ya njano na muziki, na mtazamaji hamwoni papa vizuri mpaka imepita zaidi ya saa moja. Uhaba wa vifaa ulifanya kazi ambayo vifaa visingeifanya. Huku kwetu uhaba tunao wa kutosha, tatizo ni kwamba tunauficha kwa kuonyesha kila tulicho nacho.

Kama kukata hakutoshi, piga picha za kufidia. Kwa muvi yetu ya mfano zinatosha nne: nyayo za maji kwenye mbao za mtumbwi, taa ya sola ikififia, kamba ya wavu ikivutwa kwenda chini kwa nguvu, na vidole vinne vikishika ukingo. Sekunde mbili mbili. Zote zinapigika usiku mmoja, mtumbwi ukiwa umefungwa ufukweni kwenye maji ya magotini.

SIMAMA hapa: gundi ya kubandikia viatu au ile ya sekunde tatu haiwekwi kwenye ngozi ya mtu, hata akisema anavumilia. Lenzi za macho za rangi zisizunguke kutoka mwigizaji mmoja hadi mwingine, na jicho likiwasha au likiwa jekundu zitolewe hapo hapo, mwigizaji aende kwa daktari wa macho. Siku ya kupiga picha ikipotea, imepotea.

Dalili ya 2: Mchungaji, shehe au mganga anafika dakika tano za mwisho na kumaliza kazi

Hii ndiyo dalili kubwa ya muvi zetu, kwa hiyo tukae nayo.

Muvi inaenda vizuri, steringi amebanwa, halafu mlango unafunguliwa na mtu ambaye hatujawahi kumwona anaingia na Biblia, tasbihi au usinga. Anakemea, adui anaanguka, muvi imeisha. Watazamaji wenye imani hawapingi kwamba maombi yana nguvu. Wanachokipinga, hata kama hawasemi hivyo, ni kwamba wamemfuata Tatu saa nzima na Tatu hakufanya lolote.

Chanzo cha kawaida: mwandishi alianza na adui mwenye uwezo wote. Anapita ukutani, anajua mawazo ya watu, hafi, hachoki. Ukifika mwisho hakuna binadamu anayeweza kumshinda, kwa hiyo unaagiza mtu mwenye nguvu zaidi kutoka nje ya hadithi. Chanzo cha pili: steringi hana anachokijua ambacho wengine hawakijui. Cha tatu: woga wa mwandishi kwamba muvi isipoishia kwenye dua ataonekana anatangaza uchawi. Cha nne, na kipo: aliyetoa hela anataka kanisa lake au duka lake la dawa lionekane.

Jaribio la kwanza ni kumfuta mtu huyo kwenye skripti na kuandika upya kurasa tano za mwisho bila yeye. Tatu anaweza kufanya nini? Ikiwa jibu ni "hakuna", rudi kwenye sheria ya adui na umpunguzie uwezo mpaka kipatikane kitu kimoja ambacho binti wa kuanika dagaa anaweza kukifanya kwa mikono yake au kwa mdomo wake.

Ikiwa lazima mtu wa dini abaki, mlete kabla ya theluthi ya kwanza kuisha, mwonyeshe akijaribu na kushindwa mara moja, na aseme jambo moja ambalo Tatu atalitumia baadaye. Aombe, na ombi lake lisikike, lakini kitendo cha mwisho kiwe cha steringi. Jaws inafanya hivi kwa mtungi wa hewa: mapema tunauona botini na tunaonywa kwamba unaweza kulipuka, na mwisho wa muvi ni mtungi huo huo, mdomoni mwa papa. Hakuna kitu kipya kilichoingia dakika za mwisho.

Sasa tufanye hivyo Kibirizi. Nyumba nyingi watoto hukatazwa kuitika wakiitwa usiku mpaka wamwone anayeita. Weka katazo hilo dakika ya 8, kwa kupita tu: jioni, bibi anamwita mtoto kutoka uani, mtoto anakaa kimya, anachungulia kwanza, anamwona, ndipo anaitika. Bibi anacheka, maisha yanaendelea. Dakika ya 30 mvuvi wa kwanza anaitika sauti ya marehemu mkewe. Dakika ya 50 wa pili anajaribu kukimbia kwa injini bila kuitika, anafika salama, na hapo mtazamaji ameshaelewa bila kufundishwa. Dakika ya 84 Tatu yuko mtumbwini peke yake, taa imezimika, na kaka yake anamwita kutoka majini. Anaziba mdomo kwa kanga. Sauti inanyamaza. Kisha anaitwa tena, kutoka ufukweni, na ni sauti ya mama yake aliye hai, amekuja na tochi kumtafuta, analia. Je, ni yeye? Tochi imemulika upande mwingine, uso hauonekani. Tatu haitiki. Mama anageuka kurudi nyumbani akiamini amempoteza na mtoto wa pili.

Mwisho huo hauna moto, hauna mlipuko, hauna mgeni. Unahitaji mtumbwi, kanga, tochi na mwigizaji anayeweza kukaa kimya. Lakini ondoa ile sini ya bibi ya dakika ya 8 uone: yote inageuka kuwa mtu aliyekataa kumjibu mamaye.

Dalili ya 3: Adui ameshindwa, halafu mtu anaeleza kwa dakika tano

Polisi, daktari au mzee wa kijiji anakaa na kutusimulia: zamani kulikuwa na msichana, alionewa, akafa, mzimu wake. Hata muvi kubwa zimejikwaa hapa. Psycho ya Alfred Hitchcock, ya 1960, ina daktari wa akili anayeeleza ugonjwa wa muuaji karibu na mwisho, na sini hiyo ndiyo inayolalamikiwa zaidi katika kazi ambayo watu wanaisifu kwa mengine yote.

Chanzo: taarifa iliyotakiwa kusambazwa katikati imelundikwa mwishoni. Au mwandishi hamwamini mtazamaji.

Ukaguzi mwepesi: hesabu mistari ya maneno baada ya adui kushindwa. Ikizidi kumi, chukua kalamu nyekundu, ugawe kila mstari kwenye makundi mawili. Ambacho mtazamaji ameshakiona, futa. Ambacho hajakiona na anakihitaji, kipeleke nusu ya kwanza, na kiwekwe mdomoni mwa mtu asiyejua umuhimu wake. Katika The Blair Witch Project ya 1999, mwenyeji mmoja mapema kabisa anataja muuaji wa zamani aliyekuwa akimwamuru mtoto mmoja asimame akitazama kona. Picha ya mwisho ni mtu amesimama akitazama kona. Hakuna anayeeleza kitu, na hakuna aliyekuwa makini asiyeelewa.

Kikibaki kitu ambacho hakiwezi kwenda mbele wala kufutwa, huenda si cha muvi hii.

Dalili ya 4: Kumbe ilikuwa ndoto

Ondoa. Ikiwa sababu yako ni kwamba hukupata namna ya kumwokoa steringi, rudi Dalili ya 2. Ikiwa ni kwamba waigizaji walikwisha kuondoka, soma Dalili ya 6.

Dalili ya 5: Mkono unatoka kaburini, skrini nyeusi, "itaendelea"

Adui ameuawa, watu wameanza kuvaa ndala, halafu jicho lake linafunguka. Mara ya kwanza watu wanapiga kelele. Siku hizi wanasonya.

Mchezo huu una umri: Carrie ya 1976 ilifunga na mkono unaochomoza kaburini, na muvi nyingi za miaka ya 1980 zikauiga. Hela ndiyo iliyoukuza. Wes Craven alitaka A Nightmare on Elm Street, ya 1984, imalizike kabisa. Mtayarishaji Robert Shaye alitaka mlango ubaki wazi kwa ajili ya inayofuata, na kilichotoka ni maridhiano ambayo hadi leo hayaeleweki vizuri. Kwetu Bongo tuliifikisha mbali zaidi: muvi moja ilikatwa katikati ikauzwa kama kasha mbili, sehemu ya kwanza na ya pili, na watazamaji wakazoea kununua mwanzo wasio na uhakika wa kuupata mwisho. DVD zimepungua, tabia imebaki.

Kutofautisha kuacha mlango wazi na kutomaliza kazi, tumia maswali mawili. Swali dogo ni la steringi: Tatu atapona? Swali kubwa ni la dunia ya hadithi: kilichoko ziwani ni nini, na kitarudi? Swali dogo lazima lijibiwe. Kubwa linaweza kubaki. Jicho linalofunguka ni kosa pale linapofuta jibu la swali dogo: kama adui hakufa, basi dakika 90 zimerudi sifuri.

Jaribu kukata sekunde 30 za mwisho. Muvi ikisimama bila hizo, ziache nje. Ikiwa unataka kweli kurudisha hofu, irudishe kwa kutumia sheria ambayo mtazamaji aliielewa nusu. Ringu ya Hideo Nakata, Japani, 1998, inafanya hivyo. Mifupa ya msichana inapatikana kisimani, inakumbatiwa, kila mtu anadhani mzimu umetulia. Haukuwa umetaka kuzikwa. Aliyepona alipona kwa sababu alinakili kanda ya video inayoua wanaoitazama na kumwonyesha mtu mwingine, jambo ambalo tuliliona likitendeka na hatukulipa uzito.

Wenye hamu ya adui anayerudi, Kigoma ina MV Liemba, meli iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 na kuibuliwa kutoka ziwani mwaka 1924. Kitu kilichokaa miaka chini ya maji kisha kikarudi kubeba abiria hakihitaji jicho la kufunguka.

Dalili ya 6: Tamthilia inaanza kwa moto, epsodi mbili za mwisho zinasinzia

Chukua tamthilia ya treni ya usiku kutoka Kigoma hadi Tabora, epsodi moja kwa kila kituo: Kigoma, Uvinza, Kaliua, Urambo, Tabora. Kila kituo abiria mmoja anapungua na hakuna anayemkumbuka. Wazo zuri. Linavunjika wapi?

Kwanza, kwenye maswali mengi mno. Kila epsodi inafungua fumbo jipya ili mtu asizime, na ya tano inadaiwa majibu kumi na manne. Fungua daftari, safu mbili: upande mmoja swali na epsodi lilipofunguliwa, upande wa pili epsodi linapofungwa. Kwa epsodi tano, maswali makubwa yasizidi matatu, na epsodi ya nne isifungue hata moja. Swali lisilo na tarehe ya kufungwa litolewe lilikoanzia.

Pili, kwenye hela. Epsodi ya kwanza inapigwa na taa mbili za kukodi na gari la jenereta, ya mwisho inapigwa na simu. Dawa ni kupiga mwisho mapema. Si siku ya kwanza, kwa sababu waigizaji bado hawajazoeana. Siku ya nne au ya tano inafaa. Faida yake ya pili ni kwamba mwigizaji akipata safari ya ghafla, unachokosa ni sini ya katikati, na ya katikati inaandikika upya.

Tatu, mvua. Huku mvua za kuanzia Oktoba au Novemba hadi karibu na Mei hufuta ratiba, na sini ya mwisho ndiyo huwa imebaki. Panga kupiga kati ya Juni na Septemba. Kama hadithi ni ya wavuvi, ongeza kalenda ya mwezi: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na siku za mbalamwezi kali mitumbwi mingi hupumzika. Kwako hizo ni siku za kukodi mtumbwi kwa bei ya chini na kupata mwanga wa bure, mradi hadithi yenyewe haidai giza.

Nne, mara chache, wazo lenyewe halina urefu huo. Epsodi tano zikibanwa zinakuwa muvi ya dakika 90 nzuri. Usione aibu kubana. Tabora, pale treni ya Kigoma na ya Mwanza zinapokutana, inatosha kuwa sini moja: abiria wanashuka, wanahesabiwa, na hesabu inazidi kwa mtu mmoja.

SIMAMA: usipige picha relini, kwenye mabehewa au stesheni bila kibali cha Shirika la Reli, hata kama unamjua mlinzi. Treni haiwezi kusimama kwa mita unazodhani.

Dalili ya 7: Wote wanakufa na hakuna anayejali

Mwisho wa huzuni si kosa. Kosa ni huzuni ambayo hakuna aliyeichagua. Jiulize: dakika kumi za mwisho, steringi alikuwa na njia mbili? Kama alikuwa na moja tu, ya kufa, mtazamaji anatazama ajali. The Mist ya Frank Darabont, ya 2007, ina mwisho mchungu kuliko hadithi ya Stephen King iliyoizaa, ambayo iliishia watu wakiwa bado safarini. Unauma kwa sababu baba anaamua mwenyewe, kwa upendo, dakika chache kabla ya msaada kufika. Asingeamua, ingekuwa msiba tu.

Hadithi za msukule za mashamba ya tumbaku ya Urambo zinateleza hapa kila mara. Ndugu anagundua marehemu wao analima usiku, anakwenda kumchukua, wote wanakamatwa, mwisho. Mpe chaguo: anaweza kumtoa ndugu yake ikiwa mwingine atashika jembe. Hapo hata akikimbia bila kumwokoa, mtazamaji ataondoka na kitu.

Ukibaki njia panda kati ya miisho miwili, usibishane na mhariri, pima. Jordan Peele alikuwa amepiga mwisho wa Get Out, 2017, ambamo polisi wanamkamata steringi na anafungwa. Kisha akauacha, akaweka ule wa rafiki anayefika na gari. Huku unaweza kupima kwa gharama ya umeme: kibanda kimoja, watu 15 hadi 20 wasio ndugu zako, mwisho wa kwanza Jumanne, wa pili Alhamisi kwa kundi jingine. Usiwaulize kama wameipenda, watakuambia nzuri sana. Waulize watatu watatu: "Kwa nini alifanya vile mwishoni?" Wakitoa majibu yanayofanana, mwisho unaeleweka. Wakianza kusimulia muvi nyingine, hawakushikwa. Wakibishana wao kwa wao mpaka mwenye kibanda anawafukuza, umepata.

Muvi iliyokwisha kupewa daraja na Bodi ya Filamu usiibadilishe mwisho kimyakimya. Wasiliana na Bodi kwanza.

Dalili ya 8: Mchawi ni bibi jirani

Ufichuzi wa mwisho: aliyekuwa akiroga ni bibi kizee mwenye macho mekundu aliyekaa kibarazani tangu sini ya kwanza. Kama ufundi, ni dhaifu, kila mtu alimjua dakika ya 5. Ila tatizo lake ni kubwa kuliko ufundi. Usukumani na Unyamwezini wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma hizo hizo, na macho yao mengi yaliharibiwa na miaka ya moshi wa kuni. Vivyo hivyo kiungo cha mtu mwenye ualbino kutumika kama ufunguo wa utajiri mwishoni: watu wameshambuliwa na kuuawa kwa imani hiyo, nchi hii hii.

SIMAMA na usipige sini hiyo kabla ya kupata ushauri wa maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au wa Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania ikiwa inawahusu. Usitumie nyumba ya mtu halisi kama nyumba ya mchawi, hata kwa malipo. Muvi itaisha, yeye atabaki anaishi pale.

Marekebisho ya kiufundi: geuza. Bibi ndiye aliyejua sheria ya adui, na hakuna aliyemsikiliza kwa sababu ya macho yake. Utagundua umetatua na Dalili ya 2 papo hapo.

Dalili ya 9: Mwisho ni giza tupu

Watu wanasikia kelele na hawaoni kitu. Karibu kila mara chanzo ni kuhariri usiku kwenye kompyuta yenye skrini kali ndani ya chumba cheusi, kisha muvi inaonyeshwa mchana kwenye kibanda chenye pazia lililotoboka. Pandisha mwanga wa sini za usiku mpaka kwako zionekane angavu kupita kiasi kidogo.

Kama hata hivyo hakuna kitu, picha ilipigwa gizani kweli na haiokoleki. Ipige upya jioni badala ya usiku. Kigoma jua huzama karibu na saa moja jioni, nyuma ya milima ya Kongo, zaidi ya nusu saa baada ya Dar es Salaam, kwa hiyo ratiba iliyoandikwa na mtu wa Dar itawakalisha mnasubiri. Baada ya kuzama una takriban dakika 20 za mwanga wa buluu unaogeuka usiku kamili kwa kupunguza mwanga kidogo kwenye uhariri. Dakika 20 ni mkao mmoja wa kamera, labda miwili. Fanyeni mazoezi mchana mahali pale pale, na kila mtu awe amesimama alama yake kabla jua halijagusa mlima.

SIMAMA: sini ya mtumbwi nje ya maji ya magotini inahitaji nahodha wa mtumbwi anayeujua upande huo wa ziwa, jaketi la kuokolea kwa kila aliyemo akiwemo mshika kamera, na chombo cha pili kikiwa karibu. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia takriban mita 1,470, na kina hicho kinaanza karibu na ufukwe. Upepo ukianza kugeuza mawimbi, nahodha akisema turudi, mnarudi, hata kama imebaki picha moja. Moto wowote mtumbwini, pamoja na karabai yenye mafuta karibu na petroli ya injini, usiwashwe bila kuzungumza na Zimamoto. Taa ya betri iliyofunikwa nailoni ya rangi ya chungwa inatoa mwanga ule ule.

Faili ikikamilika, ijaribu kwenye televisheni ya kibanda chenyewe, saa nane mchana, pazia likiwa limefungwa kwa namna wanayolifunga wao.